Mama mkwe kaanguka juani, mume anataka kushuka kisimani: nianzie wapi?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu. Tunaishi shambani, mbali na barabara kubwa, mimi na mume wangu pamoja na mama yake aliyetimiza miaka 74. Mwaka jana mvua zilikatika mapema. Mwaka huu zilinyesha siku chache, mahindi yakafika kiunoni, kisha mbingu ikafungwa. Joto nalo sijawahi kuliona la namna hii. Ikifika saa nne asubuhi bati limeshaanza kulia, na usiku ukiegemea ukuta bado una moto.

Juzi mama mkwe alitoka kwenda kupalilia hayo mahindi ambayo hata hayana la kupaliliwa. Mchana hakurudi. Nilimkuta ameketi katikati ya shamba, jembe mapajani, ngozi imekauka, hana hata tone la jasho, akaniita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Nilimburuta hadi kivulini, nikammwagia maji yote niliyokuwa nayo, nikampepea kwa upande wa nguo. Jioni ndipo akatutambua vizuri. Kesho yake akaomba jembe lake. Anasema ulikuwa uchovu tu, na kwamba mtu mwenye joto akinywa maji mengi ndiyo anajiua.

Nikimwambia mume wangu amzuie mama yake, ananijibu kwamba watu wa zamani walilima kwenye jua hilihili na hawakufa. Yeye hofu yake ni ng'ombe. Tunao 7, watatu tunawakamua, na mbavu zimeanza kuhesabika. Alikuja mnunuzi akataja bei, mume wangu akamfukuza kwa maneno makali. Anasema mtu akianza kuuza mifugo ya baba yake, majirani wanajua ameshindwa.

Kisima chetu sasa kinatoa maji ya tope, alfajiri tu, mchana ndoo inagonga chini. Mume wangu na mdogo wake wamepanga kushuka na majembe wakichimbe zaidi, na wameazima pampu ya injini ili waitelemshe ndani ivute maji huku wao wanachimba. Maji machache yaliyopo yanaanza kwa ng'ombe, jikoni tunapewa yanayobaki. Shangazi, nakueleza jambo la aibu: mimi na binti yangu tunaficha dumu moja nyuma ya mlango wa chumba cha watoto, tumelifunika nguo.

Kuna na hili la mahindi. Kwa kuwa hayatazaa, mume wangu anataka kuyafyeka awape ng'ombe. Jirani anasema mahindi yaliyopigwa na jua yana sumu. Mume wangu anacheka.

Nimechoka kubishana kila siku juu ya kila kitu. Je, mimi ni mwoga? Na kama si mwoga, nianzie wapi?

Mwenye dumu la kuficha


Marahaba, mwanangu.

Mwoga ni yule anayeona na kunyamaza. Wewe umeona na umeandika. Kuhusu dumu sina la kukulaumu, ila hakikisha lina kifuniko na linasafishwa, maana maji ya kuficha huchacha haraka yakisahauliwa.

Nimeisoma barua yako mara mbili, nikaona kinachowagombanisha. Mnapigana na joto na ukame kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo. Joto linaua mtu kwa saa chache. Ukame unachukua miezi, na njiani unakupa nafasi ya kufikiri. Mume wako macho yake yako kwenye ukame, ndiyo maana anaona ng'ombe na kisima. Wewe umeliona joto usoni mwa mama yake. Wote wawili mna haki, lakini kwa foleni, la joto ndilo la leo.

Tuanze na mama. Kile hakikuwa uchovu. Mtu aliyechoka anakuita kwa jina lako. Mtu aliyekaa juani hadi akakuita kwa jina la marehemu, ubongo wake ulikuwa umeshaanza kupata joto kupita kiasi. Joto la mwili la kawaida ni karibu nyuzi 37. Likipanda hadi 40 au zaidi, na mtu akaanza kuchanganyikiwa, kupayuka, kuyumba au kupata degedege, hicho ni kiharusi cha joto, nacho ni cha dharura sawa na kutokwa damu. Usisubiri jasho likuongoze: wengine hukauka, wengine huloa chapachapa.

Ulichofanya ndicho kilichomwokoa. Kivuli, maji mwilini, upepo. Ikitokea tena kwa yeyote, mpunguze nguo, mloweshe mwili mzima, mpepee bila kuacha, na weka vitambaa vilivyolowa maji baridi shingoni, makwapani na kwenye kinena, ambako mishipa mikubwa ya damu iko karibu na ngozi. Fanya hivyo huku mwingine anatafuta usafiri. Usianze kumsafirisha akiwa bado anaungua. Asiyejitambua asinyweshwe kitu, maana maji yatamwingia mapafuni. Na msimpe panadoli mkidhani ni homa. Dawa hiyo haiteremshi joto la jua.

Hata kama sasa anaonekana mzima, apelekwe zahanati wiki hii. Kiharusi cha joto kinaweza kuumiza figo na ini, na dalili zisionekane palepale. Nenda na dawa zake zote anazotumia. Baadhi ya vidonge vya presha kazi yake ni kutoa maji mwilini, na ziko dawa nyingine zinazopunguza jasho. Mhudumu anatakiwa kujua. Msiziache wenyewe bila kuuliza.

Lile la kwamba mwenye joto akinywa maji anajiua, nadhani limetokana na watu walioanguka wakiwa wameshika kata. Walianguka kwa sababu walichelewa kunywa. Mtu wa umri wake kiu yake hailii tena kwa sauti. Mwili unakauka na yeye hahisi. Joto kali lililoipiga Ulaya mwaka 2003 liliua zaidi ya watu 70,000, karibu 15,000 kati yao Ufaransa peke yake, na wengi walikuwa wazee, hasa wanaoishi peke yao. Hao walikuwa na maji ya bomba ndani ya nyumba. Aliyekosekana ni mtu wa kuwaambia, mama, kunywa.

Kwa hiyo asisubiri kiu. Kikombe kimoja kila saa, kidogo kidogo, tangu asubuhi, isipokuwa kama daktari amempangia kiasi kwa sababu ya moyo au figo. Mkojo ukiwa na rangi ya chai, amechelewa. Kama anatoka jasho sana au ana kuhara, mchanganyie: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, nacho kimesawazishwa. Msizidishe chumvi kwa kukisia. Chumvi nyingi ni hatari kuliko kukosa kabisa, hasa kwa watoto.

Sasa, mama mkwe haamrishwi, najua. Mkabidhi kazi. Mwambie watoto hawa hawanywi maji mpaka wasimamiwe, na wewe huna nafasi, hivyo kikombe cha kila saa kiwe mikononi mwake: anawanywesha, na yeye anawaonyesha mfano. Bibi anayesimamia wajukuu hatakubali kuonekana anawadanganya. Na jembe usimnyang'anye. Mwache aende alfajiri, arudi kabla ya saa tatu.

Kuhusu watu wa zamani, mwombe mume wako amuulize mama yake, mbele yako, walikuwa wanatoka shambani saa ngapi. Nina hakika na jibu. Walioishi na jua miaka yote walilijua. Walilima kabla halijakaza na wakalala kivulini likiwa utosini. Kati ya saa tano asubuhi na saa kumi jioni hakuna kazi ya shamba inayostahili maisha ya mtu. Na kama kuna kijana wenu anarudi nyumbani kutoka mjini, msimtupe shambani siku ya kwanza. Mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto, na siku za mwanzo ndizo mbaya.

Nyumba yenu ya bati fungeni madirisha na mapazia jua linapopanda, fungueni pande zote likizama. Paa lililopakwa chokaa nyeupe hurudisha jua lilikotoka. Chokaa husombwa na mvua, lakini kwa hali yenu hilo ni tatizo ambalo mtalipokea kwa furaha. Usiku wa joto lowesha shuka, likamue, ulalie. Feni, kwa wenye umeme, inasaidia hadi kiasi. Hewa ikishazidi nyuzi 40, inakupulizia moto.

Nimekuja kwenye kisima, na hapa nasema bila kuzunguka. Mume wako na shemeji yako wasishuke.

Hewa ya chini ya kisima si hii tunayovuta huku juu. Chini hujikusanya gesi nzito isiyo na harufu, oksijeni inapungua, na mtu anaweza kupoteza fahamu kabla hajapata nafasi ya kupiga kelele. Aliye juu anamwona ndugu yake ameanguka, anashuka kumwokoa, na anabaki hukohuko. Misiba ya visima ndiyo ilivyo: huwa inachukua wawili au watatu wa nyumba moja. Halafu wanataka kuteremsha na pampu ya injini! Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, na ndani ya shimo hauna pa kutokea. Kuna watu hushusha taa au mshumaa kwanza, wakiona unawaka wanasema hewa ni nzuri. Mshumaa unaweza kuwaka vizuri kabisa na kaboni monoksaidi ikawaua. Ongeza na kuta zilizokauka zinazoweza kuporomoka. Kama kisima lazima kichimbwe, waitwe wachimbaji wenye kipimo cha hewa, mashine ya kupuliza hewa ndani, mkanda wa kamba mwilini na watu wa kuvuta juu. Kama hakuna wa hivyo, kisima kibaki kama kilivyo na maji yatafutwe kwingine, hata kwa kununua. Pesa ya kununulia nitaitaja sasa hivi.

Kwa sasa, kiacheni kipumzike. Maji yanarudi taratibu usiku, ndiyo maana mnapata alfajiri. Tena kadiri yanavyopungua ndivyo yanavyochafuka. Yaache yatuame, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa, yachemshe hadi yatokote kwa dakika 1 nzima. Mkiwa nyanda za juu kupita mita 2,000, dakika 3. Kuni zikikosekana, jaza chupa za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita 2, zilaze juani saa 6. Siku ya mawingu zinahitaji siku 2. Njia hii haifanyi kazi kwa maji ya tope, hivyo tuamisha kwanza.

Sasa ng'ombe, na ndipo mgogoro wenu ulipo.

Mashirika ya misaada hutumia kiwango cha chini cha lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku, za kunywa, kupika na usafi. Nyumbani kwenu mko sita, yaani lita 90. Ng'ombe mmoja anayekamuliwa, siku ya joto kali, anaweza kunywa lita 100 au zaidi. Hebu irudie hesabu hiyo. Ng'ombe mmoja anaweza kunywa maji ya nyumba yenu yote, na ninyi mnao watatu wa namna hiyo, bila kuhesabu wengine wanne.

Usimwambie mume wako "uza". Neno hilo ameshaliwekea ukuta. Mwombe mpime pamoja, siku moja tu: kila ndoo inayotoka kisimani aiandike yeye mwenyewe, hii ya ng'ombe, hii ya jikoni. Jioni msome. Mwanaume anayebishana na mke wake mara nyingi habishani na maandishi yake mwenyewe.

Naielewa aibu yake, na siidharau. Mifugo ya baba ni jina la baba. Ila nimewaona wafugaji wakubwa, wenye makundi ya kuheshimika, na wao ndio wa kwanza kuuza dalili zikionekana. Wanajua ukame unavyokwenda: kila mtu anasubiri, mbavu zinatoka, kisha wote wanakimbilia mnadani wiki moja, bei inaanguka, na bei ya nafaka inapanda palepale. Anayeuza ng'ombe anayetembea mwenyewe anapata chakula cha miezi. Anayeuza wa kubebwa anapata cha siku. Abakize jike wawili wachanga wenye afya na uzao mbele yao, basi. Hao ndio kundi la kesho. Wazee, madume na wasioshika mimba waende sasa. Watakaobaki wanyweshwe alfajiri na usiku, wafungwe kivulini, wasiswagwe mchana. Ng'ombe anayehema mdomo wazi na ulimi nje anahitaji kivuli na maji ya kumwagiwa miguuni na ubavuni mara moja.

Jirani yako kuhusu mahindi yuko sahihi kwa nusu. Mahindi yaliyodumaa kwa ukame hukusanya naitreti, chumvichumvi ya udongoni ambayo ikizidi humdhuru ng'ombe kama sumu, nyingi ikiwa sehemu ya chini ya bua, na hatari inaongezeka siku chache baada ya mvua kuyagusa, kwa sababu mizizi inavuta kwa pupa. Kuyakausha hakuondoi. Kuyafukia yachachuke kuwa sileji hupunguza sana, lakini si kumaliza. Kwa hiyo afyeke juu, aache sentimita 30 za chini shambani. Ng'ombe wasiyakute wakiwa na njaa. Wale majani mengine makavu kwanza, kisha wapewe kidogo, waongezewe siku hadi siku. Akimwona mmoja anahema kwa shida, anayumba, na damu yake imekuwa ya kahawia, amwite mtaalamu wa mifugo wakati huohuo. Mtama ni mbaya zaidi: machipukizi yake mabichi yaliyoota baada ya ukame yana sumu kali iitwayo sianidi, na yanaua haraka. Bwana shamba au afisa mifugo akipatikana, aone mahindi kabla hayajafyekwa.

Shamba lenyewe sitakuambia mengi. Msimu huu limekwenda, na kulimwagilia ni kumwaga maji ya watoto. Chagua miti ya matunda michache na bustani ndogo ya mboga, wape maji ya kuoshea vyombo na nguo jioni, na ufunike ardhi kwa majani makavu unene wa kiganja ili jua lisinyonye. Msichome mabua, ndiyo matandazo yenu, na moto wa kipindi hiki haumsikilizi aliyeuwasha.

Kazi inayofaa sasa, alfajiri tu, ni kuchimba mashimo ya kupandia mvua ijayo. Yacouba Sawadogo, mkulima wa Burkina Faso aliyefariki mwaka 2023, aliufufua udongo uliokuwa mgumu usiomea kitu kwa njia hiyo. Mashimo yenye upana wa sentimita 20 hadi 40 na kina cha 10 hadi 20, samadi chini yake, yakichimbwa wakati wa kiangazi yakisubiri. Mvua ya kwanza inaingia shimoni badala ya kukimbia bondeni, na mchwa wanaofuata samadi wanailainisha ardhi bure. Samadi mnayo. Hiyo ndiyo kazi ya kumpa shemeji yako badala ya kisima.

Na pesa ya ng'ombe, ikishatoka ya kununulia maji, sehemu yake iende kwenye mifereji ya bati na tangi. Milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita za mraba 50, kwa mvua moja ya milimita 20, ni lita 1,000, japo sehemu yake itapotea kwa kurukaruka na kuvuja. Yale ya mwanzo, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, yamwageni. Kama paa mmelipaka chokaa, mvua ya kwanza yote isiingie tangini.

Kama mna ndugu mwenye maji na kivuli, mama na mtoto mdogo waende wakakae huko wiki hizi za jua kali. Hilo halina haja ya kuitwa kuhama, na mama ataenda kwa urahisi zaidi akiambiwa anampeleka mjukuu.

Mengine haya unaweza kumweleza polepole, kwa siku kadhaa, mkiwa mmepumzika. Ya kisima msomee leo, na shemeji yako awepo.

Shangazi yako